Uvira: Mbele ya kupakua programu, angalia kwanza namba yake

Ilikuwa mwezi wa saba 2024, mu kartiye ya Mulongwe. Mwanafunzi mumoja wa informatiki alikuwa amebakia na majuma matatu tu mbele ya kutetea kazi yake ya mwisho wa masomo, ile wote tunaita TFC. Alikuja kutuona na mashini yake chini ya kwapa, uso umekunjamana. "Yaya, hii kitu inakatala," alituambia hata mbele ya kukaa. "Nilisha kununua mega mara mbili. Inashuka mupaka mwisho, kisha inakatala."

Tulifungua ile mashini. Ilikuwa ordinatere ya kubeba, ya okazyo, sawa zile zinatufikia kupitia Bujumbura, yenye Windows 7 na kumbukumbu ya giga 4. Kijana alikuwa amekwenda ku ukurasa wa Python, lugha ya kuandikia programu, akaona kifungo kikubwa chenye kinamupa kila mutu toleo la karibuni zaidi, akafinya. Siku ile lilikuwa Python 3.12. Mega karibu 25 zikaanza kushuka pole pole, umeme ukakatika, akanunua zingine, akaanza tena. Wakati faili ilimalizika, alifinya ili kuiweka, na mashini ikamujibu kama Windows yake ni ya zamani sana.

Hakuna kitu kiliharibika. Mashini ilikuwa nzima, faili ilikuwa nzima, na kijana alikuwa anajua kazi yake. Kilichokosekana ni jambo moja lenye hakuna mutu alimufundisha mu shule: kuchagua toleo, ile vijana wanaita verisio kwa kufuata Kifaransa. Tangu Python 3.9, yenye ilitoka Oktoba 2020, Python haikubali tena Windows 7. Toleo la mwisho lenye linaikubali ni 3.8. Mutu mwenye anajua ile namba anapakua mara moja tu. Mutu mwenye haijui anaweza kununua mega mupaka mufuko uishe, na mashini itaendelea kukatala.

Tunaandika habari hii kwa sababu tumeona jambo hili mara nyingi ku Uvira, ku Kavimvira sawa na ku Kalundu, na tunasikia habari ileile kwa ndugu zetu wa Baraka. Fasi zenye intaneti ni rahisi na mashini ni mupya, mutu akikosea namba anacheka, anaanza tena, na dakika tano zinapita. Hapa kwetu, kukosea namba ni kupoteza franka za chakula cha siku mbili, na wakati mwingine ni kupoteza mwaka wa masomo.

Kazi yenye ilikuwa inangojewa

Inafaa kusema pia kama TFC ya kijana huyu haikuwa ya kuweka mu kabati. Alikuwa ametengeneza programu ndogo kwa ajili ya farmasi ya kituo kimoja cha afya: dawa gani imeingia, ngapi zimetoka, ipi itaharibika mwezi kesho. Titileri wa kituo, ni kusema muuguzi mukubwa, alikuwa ameikubali. Mbele ya pale alikuwa anahesabu kila kitu mu daftari, na kila mara kulikuwa sanduku moja yenye inapatikana nyuma ya zingine, tarehe yake imekwisha pita. "Mwanangu, umalize bien," alimuambia kijana. "Mimi niko nangoja."

Sasa, ile programu kijana hakuiandika ku mashini yake. Aliiandika ku mashini ya rafiki yake, yenye Windows 10, na ndani aliweka vitu vyote vya karibuni: Python 3.12 na Django 5.0. Django ni mukusanyo wa vipande vyenye vilisha kutengenezwa, vyenye vinamusaidia mutu kujenga programu ya ukurasa bila kuanzia ku sufuri. Ku mashini ya rafiki kila kitu kilitembea. Kisha rafiki akasafiri na mashini yake kwenda Bukavu, kijana akabaki na faili zake ku flashi na mashini yenye haiwezi kuzifungua.

Tulimusaidia kuweka Python 3.8, tukaomba Django 5.0 ishuke. Ikakatala tena. Ilisema kama haikuona toleo lolote lenye linalingana na lile tumeomba. Ukisoma haraka, utawaza kama intaneti ndiyo mubaya. Hapana. Django 5.0 inaomba Python 3.10 ao ya juu zaidi. Ku Python 3.8 haiwezi kuingia, hata mutu alipe mega mara kumi. Njo vile namba moja inafunga mulango wa namba ingine.

Namba tatu na maana yake

Kila motari wa Uvira anajua jambo hili, hata kama hajagusa ordinatere. Piesi ya moto yake ikivunjika, haendi ku duka kusema: "Munipe piesi ya mupya kuliko zote." Anachukua ile ya zamani, anasoma namba yenye imechorwa juu yake, anaomba yenye inafanana nayo. Piesi inaweza kuwa inangaa, ya bei kubwa, lakini kama haiingie mu moto yake, ni chuma tu.

Mu programu nyingi, namba ya toleo iko na sehemu tatu zenye zimetenganishwa na nukta, kwa mufano 4.2.7. Kanuni yenye wengi wanafuata iliandikwa na Tom Preston-Werner, mumoja wa wale walianzisha GitHub. Namba ya mwisho ikipanda, wametengeneza makosa tu, na unaweza kuichukua bila woga mwingi. Namba ya katikati ikipanda, wameongeza kitu, lakini kazi yako ya zamani inapaswa kuendelea kutembea. Namba ya kwanza ikipanda, ujiangalie: wamebadilisha ao wameondoa kitu, na programu yako inaweza kusimama.

Ile ni ahadi ya watu, haiko sheria ya mbingu. Wako wenye hawaifuate sana. Python yenyewe, wakati ilitoka 3.11 kwenda 3.12 mu Oktoba 2023, iliondoa kipande kimoja cha zamani kinachoitwa distutils, na programu nyingi zenye zilikitegemea zikasimama, hata kama ni namba ya katikati tu ilipanda. Wengine wanahesabu kwa tarehe: Ubuntu 24.04 maana yake ni ile ilitoka mwaka 2024, mwezi wa 4. Kwa hiyo mutu asome namba, na kisha asome pia karatasi ya mabadiliko yenye inafuatana nayo.

Mufano wenye unawagusa zaidi wanafunzi wetu ni wa PHP. Wengi wanachukua TFC ya yaya yao, wanaiga sehemu ya kufungua akiba ya habari ya MySQL. Mu vitabu na kazi za kitambo utakuta amri inayoitwa mysql_connect. Ile amri iliondolewa mu PHP 7, yenye ilitoka Desemba 2015. Mwanafunzi anaweka PHP ya leo, anaiga mustari wa yaya yake, programu inaanguka, na anaanza kuwaza kama yeye hana akili. Akili iko. Ni kitabu na toleo tu vyenye havikuzaliwa mwaka mumoja.

Maulizo manne

Kutokana na mambo tuliona, tunashauri kila kijana ajiulize maulizo manne mbele ya kununua mega.

La kwanza: mashini yenye programu itafanyia kazi inaweza kubeba nini? Angalia vizuri: hatusemi mashini yako, tunasema ile ya fasi ya kazi. Kwa kujua Windows gani iko ndani, finya kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, na namba itatokea. Angalia pia kama ni ya biti 32 ao 64, na kumbukumbu ni giga ngapi. Wenye Windows 7 wajue kama haiko Python peke yake yenye iliwaacha. Microsoft iliacha kuitunza tarehe 14 Januari 2020, na VS Code, ile programu ya kuandikia yenye vijana wanapenda, iliiacha kisha toleo la 1.70 la mwaka 2022. Android Studio, kwa wale wanataka kutengeneza programu za simu, inaomba giga 8 za kumbukumbu kwa uchache. Mwenye giga 4 asiichome mega zake kwa ile. Atafute njia ingine.

La pili: vipande vingine vinaomba nini? Tumeona vile Django 5.0 inaomba Python 3.10. Kipande chenye kinaomba namba ya juu zaidi njo kinaamua kwa wote. Anza na kile kipande kigumu, kisha chagua vingine kwa kukifuata. Ukianza na vile rahisi, utarudia kazi.

La tatu: litatunzwa mupaka wakati gani? Kila toleo liko na siku ya kuzaliwa na siku ya kuachwa. Python inatunza kila toleo miaka 5. Django inatoa mara kwa mara toleo la kukaa, lenye linatunzwa karibu miaka 3, 4.2 ya Aprili 2023 ni mumoja wao, na lilipewa mupaka Aprili 2026. Ubuntu inatoa toleo la kukaa kila miaka miwili, mu mwezi wa nne wa mwaka wenye kugawanyika kwa mbili, na inalitunza miaka 5. Node.js nayo, kwa miaka mingi, imefuata desturi moja: namba zenye kugawanyika kwa mbili, sawa 18, 20 na 22, njo za kukaa, zile zingine, sawa 19 na 21, ni za kujaribu, zinaachwa kisha miezi michache. Kijana mwenye anachukua 21 kwa sababu ni kubwa kuliko 20 anachagua nyumba yenye itabomolewa mbele.

La ine: nani atafanya kazi pamoja nami? Kama uko na wenzako watatu mu kazi moja, wote wanne mukubaliane ku namba moja. Maneno "kwangu inatembea" tumeyasikia mbele ya juri zaidi ya mara moja, na hayajawahi kumupatia mutu pointi.

La mupya linaweza kuuma, la zamani pia

Kuna wenye watatuambia: basi, tukae tu na ya zamani. Na kuna wengine wanasema: hapana, kila mara chukua ya mwisho, njo ya usalama. Mambo mawili yenye yalipita mbali na Uvira yanaonesha kama wote wawili wanakosea nusu.

Mwaka 2024, tarehe 29 Machi, enjenyere mumoja wa Microsoft, Andres Freund, alitangaza jambo la kutisha. Alikuwa ameona kama kuingia mu mashini ya mbali kwa njia ya SSH kunachukua karibu nusu ya sekunde zaidi ya kawaida. Nusu ya sekunde tu! Wengine wangeacha. Yeye alichimba, akakuta kama mu XZ Utils, programu ndogo ya kufinya mafaili yenye iko mu mashini nyingi sana za Linux, mutu alikuwa ameficha mulango wa siri. Mutu yule alijiita Jia Tan, na alikuwa amefanya kazi pamoja na wengine zaidi ya miaka miwili mupaka wakamuamini. Mulango ulikuwa mu matoleo mawili tu: 5.6.0 na 5.6.1, yale ya mupya kabisa. Watu wenye walikuwa mu Debian ya kawaida, yenye haikimbilie vitu vya mupya, hawakuguswa. Wenye waliguswa ni wale walikuwa wanatumia matoleo ya kujaribia.

Sasa turudi nyuma mupaka Desemba 2021. Kulikuwa kipande cha Java kinachoitwa Log4j, chenye kinaandika mu daftari ya mashini kila kitu chenye kinapita. Wataalamu walitangaza kama mu matoleo yake ya 2 mupaka 2.14.1 kuna tundu: mutu wa inje anaweza kutuma maneno fulani tu, kisha akaongoza mashini kutoka mbali. Pale, wenye walikuwa hatarini ni wale walibakia mu ya zamani. Walitoa 2.15.0 ili kuziba, wakaona haitoshi, wakatoa 2.16.0, kisha 2.17.0, yote mu mwezi mumoja. Mu dunia yote watu wa informatiki walilala mu kazi. Na wenye waliteseka zaidi ni wale hawakujua hata kama Log4j iko ndani ya programu zao, ao ni namba gani.

Kwa hiyo, kwa kazi ya kweli, tunachagua toleo lenye limekwisha kukaa kidogo inje, watu wamelitumia, makosa ya kwanza yametengenezwa, na bado wenyewe wanalitunza. Na tunaandika namba yake fasi yenye tutaiona.

Hata wakubwa wanafanya vile. DHIS2, ile programu ya Chuo Kikuu cha Oslo yenye Wizara ya Afya ya inchi yetu inatumia kwa kukusanya hesabu za zone za afya, iko na namba zake pia. Toleo la 2.41 la mwaka 2024 linaomba Java 17. Mwenye kutunza mashini kubwa ya namna ile hapandishe namba usiku mumoja: anatengeneza nakala, anajaribu ku nakala, anaona kama hesabu zote ziko, kisha anapandisha ile ya kweli. Mwanafunzi mwenye mashini moja anaweza kuiga ile adabu bila kulipa kitu.

Kuandika na kuweka akiba

Mu kikundi cha vijana tunakifahamu, kuna daftari moja ya karatasi na disiki moja ya inje. Mwenye anashusha kitu, anakiweka mu disiki, kisha anaandika mu daftari: jina, namba, tarehe, uzito, na alama ya vidole ya faili, ile inaitwa SHA-256. Ile alama ni mustari murefu wa herufi na namba. Faili ikibadilika hata kidogo, mustari wote unabadilika. Ku Windows unaiona kwa amri certutil -hashfile, kisha jina la faili na neno SHA256. Unalinganisha na ile yenye wenyewe waliandika ku ukurasa wao. Tunasisitiza hapa, juu flashi zenye zinatembea mukono kwa mukono mu muji zinabeba programu, na zinabeba virusi pia. Faili yenye hujui ilitoka wapi, hata kama ni ya bure, usiiweke mu mashini ya kituo cha afya.

Kwa wenye wanaandika Python, kuna mambo matatu ya lazima. Kila kazi uipe chumba chake, ile inaitwa venv, ili vipande vya kazi moja visipigane na vya ingine. Kisha uandike orodha ya vipande na namba zake kwa amri pip freeze, uiweke mu faili requirements.txt. Mwenzako akiipata, ataweka namba zilezile. Mwisho, tumia pip download: inashusha vipande vyote mu kabrasha moja, unavibeba ku flashi, unaviweka ku mashini yenye haiko na intaneti. Lakini ujiangalie: vipande vingine vinatengenezwa kwa Windows peke yake ao kwa Linux, na kwa Python fulani. Ushushe ku mashini yenye inafanana na ile itapokea.

Akiba haiko kazi bure. Tarehe 22 Machi 2016, mutu mumoja aliondoa kazi zake zote mu ghala ya npm, fasi yenye waandishi wa JavaScript wanachukuaka vipande. Ndani mulikuwa kipande kidogo kinachoitwa left-pad, mistari 11 tu. Maelfu ya programu zilikuwa zinakitegemea bila hata kujua, na mu dunia yote kazi zikasimama karibu saa mbili mupaka kirudishwe. Mwenye alikuwa na nakala nyumbani aliendelea kufanya kazi.

Sisi wenyewe hatukuzaliwa na akili hii. Siku moja tulipandisha kila kitu mara moja mu mashini ya kazi, usiku, kwa sababu mega zilikuwa zinakaribia kwisha na tulisema zisiharibike bure. Asubuhi programu ilikuwa imekufa, na hatukujua ni kipande gani kati ya kumi na nne kiliiua. Hatukuandika namba za zamani. Tulitumia siku tatu kwa kurudisha kitu chenye jana yake kilikuwa kinatembea. Tangu pale tunabadilisha kitu kimoja, tunajaribu, tunaandika, kisha tunaenda ku kingine.

Vile ilimalizika

Turudi kwa kijana wetu wa Mulongwe. Mbele ya kuchagua namba yoyote, tulimuambia twende kwanza ku kituo cha afya kuona mashini yenye itabeba programu. Ilikuwa vizuri kwenda, juu kule tulikuta mashini ya Windows 7 vilevile, ya biti 32, na giga 2 tu. Kama angeazima mashini ya nguvu kwa kutetea, juri ingepiga makofi, na farmasi ingebakia na daftari yake.

Tuliandika ku karatasi: Python 3.8.10, biti 32. Kuna 3.8 zingine za juu zaidi, mupaka 3.8.20, lakini 3.8.10 ya mwaka 2021 njo ya mwisho yenye ilitoka na faili ya kuweka ku Windows. Zile zilifuata zilikuwa maandishi ya programu tu. Juu yake, Django 4.2, yenye inakubali Python 3.8 mupaka 3.12. Kijana alipaswa kurudia sehemu fulani za kazi yake, zile alikuwa ameandika kwa njia ya Python mupya. Zilimuchukua usiku ine. Alilalamika, kisha akanyamaza, akaandika.

Alitetea ku siku yake. Mutu mumoja wa juri alimuuliza sababu gani hakuchukua toleo la mwisho. Alifungua ukurasa wenye namba zote na sababu zake, akasoma. Aliongeza jambo lenye lilitufurahisha: kama Python 3.8 itaachwa Oktoba ya mwaka uleule, kwa hiyo ile mashini isiunganishwe na intaneti, na mbele ya mwisho wa mwaka kitu kimoja kitapaswa kubadilika.

Na kilibadilika. Mu Desemba 2024, yeye na wenzake wawili waliondoa Windows 7 ku ile mashini, wakaweka Debian 12, yenye ilikuwa bado iko na toleo la biti 32. Debian 12 inakuja na Python 3.11. Django waliacha 4.2 ileile, juu inakubali ile Python pia. Hawakutaka kubadilisha vitu viwili siku moja. Mbele ya kugusa chochote walinakili akiba ya dawa ku flashi mbili, moja ikabakia kwa titileri, mu mukoba wake.

Debian 13 yenye ilifuata, mu Agosti 2025, haiko tena na faili ya kuweka ku mashini za biti 32. Ni kusema ile mashini ya farmasi imefika ku kituo chake cha mwisho, na siku moja itaomba mwenzake. Vijana wanajua. Iko imeandikwa mu daftari, pamoja na tarehe.

Kwa hiyo, ndugu musomaji, kama kesho uko na mupango wa kununua mega kwa kushusha programu, leo jioni chukua karatasi. Andika mashini gani itafanya kazi, Windows ao Linux ya namba gani, biti ngapi, giga ngapi. Chini yake andika kila kipande chenye unahitaji na namba yenye kinaomba. Karatasi ikikubaliana na mashini, nunua mega. Kama haikubaliane, ngoja kwanza, umuulize mutu.